Ningalibaki Pale: Kumbukumbu, Mbio za Magari na Deni la Aliyenusurika

Wahenga walinena kuwa ajali haina kinga. Methali hii tumeisikia ikitamkwa matangani, katika vituo vya matatu, hata katika hotuba za viongozi pindi basi linapobingirika bondeni. Aghalabu hutamkwa kwa sauti ya kuhitimisha. Akishaitaja mzungumzaji, hakuna tena wa kuuliza breki zilikuwa katika hali gani au dereva alikuwa amekesha kwa siku ngapi. Katika makala haya nakusudia kuisaili methali hiyo kupitia uga ambao wengi wetu hatuuhusishi na taaluma ya Kiswahili, yaani mashindano ya mbio za magari, na kupitia aina ya masimulizi ambayo sote tumewahi kuyatoa: masimulizi ya mtu aliyeponea chupuchupu.

Lugha yetu ina utajiri wa kutajika katika jambo hili. Tunasema "nusura nife", "almanusura nigongwe", "kidogo tu ningekuwa marehemu". Neno nusura lina ukoo na nusuru na nusurika, kana kwamba kukikaribia kifo na kuokolewa nacho ni pande mbili za sarafu moja. Kisha tuna kiambishi -ngali-, ambacho hutumika kurejelea tendo ambalo halikutendeka na ambalo fursa ya kutendeka kwake imekwisha kupita. Hebu msomaji aitazame sentensi hii: "Ningalibaki pale, ningalikufa." Vitenzi vyote viwili vinarejelea mambo ambayo hayakutokea. Msemaji hakubaki wala hakufa. Tukio la pekee lililotokea hasa, yaani kifo cha mtu mwingine, halimo katika sentensi hiyo hata kidogo. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu.

Nitaanza na kisa changu mwenyewe, kwa kuwa si haki kuwahukumu wengine kabla ya kujihukumu. Mwaka 2009, nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili, mjomba wangu alitupeleka mimi na binamu yangu kutazama rali ya magari iliyopita katika kijiji jirani na chetu, huko katika nyanda za Bonde la Ufa. Haikuwa rali kubwa yenye kuwavutia wageni wa ng'ambo; ilikuwa ya madereva wa humu nchini. Tulifika alfajiri, tukaketi juu ya tuta la udongo upande wa nje wa kona, mahali ambapo gari lingeonekana tangu linapochomoza mlimani hadi linapotokomea katika vumbi. Magari kadhaa yalipita. Kila lilipopita tulishangilia, tukafunika nyuso kwa mashati, kisha tukapangusa macho kungojea jingine. Baadaye tuliondoka pale. Muda si mrefu gari moja likashindwa kukata kona ile, likalipanda tuta na kumgonga mtu mmoja, naye akafariki kabla ya kufikishwa hospitalini.

Huo ndio muhtasari wa yale ninayoyajua kwa yakini. Lakini sivyo nilivyokisimulia kisa hiki kwa zaidi ya miaka kumi. Katika shule ya upili nilikisimulia bwenini taa zilipozimwa. Katika mwaka wa kwanza wa chuo kikuu nilikiandika kuwa insha, na insha hiyo ikasifiwa kwa "taharuki yake ya hali ya juu". Katika toleo hilo, moyo wangu ulinienda mbio ghafla, nikamshika mjomba mkono na kumwambia, "Tuondoke hapa." Tulikuwa tumepiga hatua kumi tu tuliposikia kishindo. Tulipogeuka, tuliona kwamba bwana mmoja aliyekuwa amesimama nyuma yetu alikuwa ameichukua nafasi yetu mara tulipoiacha. Basi yeye alikufa mahali ambapo ningalikufa mimi. Msikilizaji alipofika hapo alishusha pumzi, akanitazama kama mtu mwenye nyota yake. Nami nilipendezwa na mtazamo huo.

Mwezi wa Desemba mwaka 2023 nilikwenda kijijini humo kwa nia ya kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu mashindano ya magari. Nilimkuta mama aliyekuwa akiuza chai na mandazi kando ya njia siku ile ya rali. Alinikumbuka kwa kuwa anamfahamu mjomba. Nilipoanza kumsimulia kisa nilivyozoea, alinisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Mwanangu, hukumshika mjomba wako mkono. Mlikuja kwangu kwa sababu mlikuwa mnalia njaa, wewe na mwenzako. Chai ilikuwa moto, nikawamiminia kwenye sahani ipoe." Nilimuuliza kuhusu yule aliyechukua nafasi yetu. Akatikisa kichwa. Marehemu hakuwa ameketi juu ya tuta. Hakuwa hata mtazamaji. Alikuwa fundi wa baiskeli aliyekuwa amemfunga kondoo wake nyuma ya tuta lile tangu jana yake, na alikuja mbio kumfungua kwa sababu kondoo alikuwa akijinyonga kwa kamba kila gari lilipounguruma. Ndipo akanitajia jina lake.

Nilikuwa nimekisimulia kifo cha mtu huyo mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, na ile ndiyo mara ya kwanza kulisikia jina lake. Sikuwahi kumuuliza yeyote. Jina hilo sitalichapisha hapa, kwa maana sijaomba idhini ya jamaa zake. Kabla ya kuondoka nilitembea kutoka palipokuwa kibanda cha chai hadi kwenye kona, nikihesabu hatua. Zile hatua zangu kumi zilikuwa hatua mia tatu na ushei.

Je, nilidanganya? Ningependa kujitetea kwamba nilikuwa mtoto, na kumbukumbu za utotoni hujiotea vitawi. Lakini ukweli ni kwamba kila nyongeza ilikuwa na kazi yake. Maono ya moyoni yalinifanya niwe mteule. Hatua kumi zilinifanya niwe shujaa. Na yule "aliyechukua nafasi yangu" alikifanya kifo cha mtu mwingine kiwe sehemu ya wasifu wangu. Fundi wa baiskeli alikuwa na kisa chake, nacho ni kisa cha mtu na kondoo wake. Mimi nilikifuta nikaandika changu juu yake.

Msomaji asidhani kwamba haya ni ya vijiji vyetu tu. Tuyatazame mashindano ya saa 24 ya Le Mans nchini Ufaransa, tarehe 11 Juni 1955. Jioni hiyo dereva Mwingereza Mike Hawthorn, akiendesha Jaguar, alilipita gari aina ya Austin-Healey lililoendeshwa na Lance Macklin, kisha akafunga breki ili aingie katika eneo la kuhudumia magari. Macklin alikwepa kuelekea kushoto. Pierre Levegh, dereva Mfaransa wa Mercedes aliyekuwa akija kwa kasi nyuma yake, hakupata nafasi. Gari lake liliparamia sehemu ya nyuma ya gari la Macklin, likaruka na kulipiga tuta la udongo lililowatenganisha watazamaji na njia, likavunjikavunjika. Injini na vipande vingine vizito vilirushwa katikati ya umati. Levegh alikufa pamoja na watazamaji zaidi ya 80. Hadi leo hiyo ndiyo ajali iliyoua watu wengi zaidi katika historia ya mbio za magari.

Wapo wengi walioponea chupuchupu siku hiyo, ila nitawataja wawili. Wa kwanza ni Juan Manuel Fangio wa Argentina, bingwa wa dunia, aliyekuwa nyuma ya Levegh na kupenya katikati ya vurumai ile akiwa salama. Fangio alishikilia kwamba Levegh aliinua mkono kumwonya, na kwamba ishara hiyo ndiyo iliyomwokoa. Sikukusudia kupima hapa usahihi wa kauli hiyo. Ninachokitaka msomaji akione ni umbo la simulizi lake. Fangio anapoeleza jinsi alivyonusurika, hajitaji kuwa mwenye maono wala mwenye nyota. Anamtaja marehemu, tena anamtaja kama mtendaji. Katika simulizi hilo Levegh ana mkono, na mkono huo unafanya kazi hadi dakika ya mwisho. Mwanafunzi wa naratolojia atakubaliana nami kuwa huo ni uamuzi mkubwa kuhusu nani awe mhusika mkuu.

Wa pili ni Mmarekani John Fitch. Gari la Levegh lilikuwa lake pia, kwa kuwa wawili hao walikuwa wakipokezana usukani, naye Fitch alikuwa akingojea zamu yake. Ajali ile ingalitokea baada ya zamu kubadilika, yeye ndiye angalikuwa ndani. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kutumia kiambishi -ngali- maisha yake yote, basi ni huyu. Lakini Fitch alilipa lile "ningali" kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1960 alibuni kinga ya barabarani iliyoundwa kwa mapipa ya plastiki yenye kujazwa mchanga kwa viwango tofauti. Gari linaloyagonga hupunguziwa kasi hatua kwa hatua, badala ya kukutana na ukuta au nguzo ya daraja kwa ghafla. Mapipa hayo yalienea katika barabara kuu za Marekani na yamewanusuru watu wengi ambao hawajawahi kulisikia jina lake. Fitch alifariki mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 95.

Tazama basi jinsi methali yetu inavyotikisika. Ajali haina kinga, twasema. Na huyu bwana akaijaza kinga mchanga, akaipanga kando ya barabara.

Huenda msomaji akasema kuwa Le Mans ni mbali na kwamba ya Wazungu waachiwe Wazungu. Sivyo. Mbio za magari zina historia ndefu hapa kwetu. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa ajili ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baada ya muda ikawa yetu hasa. Joginder Singh aliishinda katika miaka ya 1965, 1974 na 1976; Shekhar Mehta akaishinda mara tano, nne kati ya hizo zikifuatana tangu 1979 hadi 1982. Iliondolewa katika ratiba ya mashindano ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarejeshwa mwaka 2021 na kufanyiwa Naivasha. Katika enzi ile ya kwanza, sehemu kubwa ya rali iliendeshwa katika barabara ambazo hazikufungwa kwa umma. Dereva wa rali aliweza kukutana na lori la mkaa, kundi la ng'ombe au watoto watokao shule. Timu tajiri zilirusha helikopta mbele ya magari yao ili ziwaonye madereva kuhusu yaliyo njiani. Kwa maneno mengine, hata wakati huo hapakuwa na aliyeamini kwa dhati kwamba ajali haina kinga. Wenye uwezo walijinunulia kinga. Aliyebakia na methali ni mwenye ng'ombe.

Kisha kuna suala la sisi watazamaji. Mnamo Machi 1986, katika rali ya Ureno, watu walijazana barabarani katika milima ya Sintra hata magari yakawa yanapita katika uchochoro wa miili. Baadhi walijigamba kwa kuyagusa yanapopita. Dereva Joaquim Santos alijaribu kuwakwepa watu waliokuwa mbele yake, gari lake la Ford likamponyoka na kuuvaa umati. Watazamaji 3 walikufa na zaidi ya 30 wakajeruhiwa. Madereva wa timu kubwa walikataa kuendelea na mashindano. Mwezi wa Mei mwaka huohuo, Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto walikufa katika rali ya Corsica, na kundi lile la magari yenye nguvu za kupindukia, Group B, likapigwa marufuku kuanzia msimu uliofuata. Hatua hizo zilichukuliwa kwa kuwa kuna watu waliokataa kusema "ilikuwa ajali tu" na kwenda zao nyumbani. Waliuliza ni nani alisimama wapi, gari lilikuwa na kasi gani na nani aliruhusu.

Na sisi kijijini tuliuliza nini mwaka 2009? Nijuavyo mimi, hakuna aliyeuliza kwa nini watoto waliachwa waketi upande wa nje wa kona, mahali ambapo gari linaloshindwa kukata huelekea moja kwa moja. Hakuna aliyemtembelea mwenye kondoo siku moja kabla kumwambia, "Ndugu, kesho magari yatapita hapa, mfungie mbali." Tulisema ajali haina kinga, tukazika. Nami nikaondoka na kisa kizuri cha kusimulia bwenini. Simulizi langu lilichangia ukimya huo. Maadamu nilinusurika kwa maono ya moyoni, basi hapakuwa na la kufanywa na mtu yeyote; wenye maono wataondoka, wasio nayo watakufa. Hivyo ndivyo masimulizi ya "nusura" yanavyoshirikiana na methali kuwaondolea lawama wanaostahili kulaumiwa.

Najua pingamizi litakalotolewa na baadhi ya walimu wangu na wanafunzi wenzangu. Watasema kwamba kutia chumvi ni haki ya fanani tangu jadi. Kwamba mtambaji wa ngano hashitakiwi kwa kumpa sungura maneno. Kwamba bila taharuki hakuna hadhira. Naafiki kwa kiasi. Fasihi simulizi haiwezi kuishi bila ubunifu, na mimi ni mwanafunzi wa fasihi, sina nia ya kuigeuza kuwa ripoti ya polisi. Hata hivyo, kuna tofauti baina ya hadithi na ushuhuda. Anayesema "paukwa" na kuitikiwa "pakawa" amefunga mkataba na hadhira: sote twajua tunaingia katika ulimwengu wa kubuni. Anayesema "haya niliyaona kwa macho yangu" amefunga mkataba mwingine kabisa. Kuuvunja mkataba huo kwa kumtumia marehemu mwenye jina, mwenye mke na mwenye kondoo, ni jambo ambalo haki ya fanani haliwezi kulihalalisha. Mimi niliitwaa hadhi ya shahidi nikafanya kazi ya mtambaji.

Kwa sababu hiyo natoa mapendekezo mawili. Kwanza, vyama vya Kiswahili katika vyuo vyetu vifanye jitihada za kukusanya masimulizi ya watu walioishi kando ya njia za Safari Rally. Washindi wamekwisha kuandikwa. Majina yao yako katika rekodi. Lakini mwuza chai, mchungaji, mwalimu aliyewafungia wanafunzi darasani ili wasikimbilie barabarani, hawa hawajaulizwa, na wale walioiona rali ya miaka ya hamsini na sitini wanatutoka mmoja baada ya mwingine. Masimulizi yao yamo katika Kiswahili na katika lugha zetu nyingine, nasi ndio tulio na nyenzo za kuyanukuu. Pili, tunapoyakusanya, na tunapowafundisha wanafunzi wa shule kuandika insha za "siku nitakayoikumbuka", tuwazoeze kutenganisha mambo matatu: niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyaongeza. Si dhambi kuwa na la tatu. Dhambi ni kulificha ndani ya la kwanza. Zaidi ya hayo, tuwazoeze kuuliza jina la aliyekufa.

Sisemi kwamba methali ifutwe. Wahenga hao hao walituachia nyingine isemayo tahadhari kabla ya hatari, nayo haitajwi sana matangani, pengine kwa kuwa inatudai kazi. Ninachosema ni kwamba aliyenusurika ana deni. Si deni la hatia, kwani mtoto anayekwenda kunywa chai hajamkosea mtu. Ni deni la kusema kweli kuhusu mahali alipokuwa, ili wasikilizaji wajue hatari ilikuwa wapi na nani angaliweza kuizuia.

Nami nianze kulilipa. Mwaka 2009 nilikwenda kutazama rali. Niliketi mahali pabaya na hakuna mtu mzima aliyenikataza. Niliona njaa, nikaenda kunywa chai kiasi cha hatua mia tatu kutoka pale. Nilisikia kishindo lakini sikuona chochote, kwa sababu nilikuwa nimeinamia sahani. Mtu mmoja, fundi wa baiskeli, alikufa akimfungua kondoo wake. Kondoo, niliambiwa, alipona.